Kima cha chini kimepanda, mkononi kimeshuka: hesabu ya karani wa Inda

KaraniWaInda

Kazi yangu ni kukata watu pesa. Mimi ni karani wa mishahara katika kiwanda cha plastiki hapa Inda, eneo la viwanda la Nairobi, upande wa Lunga Lunga, mwaka wa kumi na moja sasa. Kila Leba Dei, sikukuu ya wafanyakazi, nasikiliza hotuba nikiwa na kikokotoo mkononi. Atwoli wa vyama vya wafanyakazi anadai, FKE (chama cha waajiri) wanaguna, rais anataja asilimia ya kupandisha mshahara wa chini, uwanja unalipuka kwa shangwe, halafu huku mitandaoni tunarudia ugomvi ule ule: hawa wanasema watu watafutwa kazi, wale wanasema matajiri waache uchoyo. Ugomvi huo siuoni popote kwenye orodha yangu. Ninachokiona ni hiki.

Chukua mtu wa daraja la chini kabisa Nairobi: mfagiaji, mpakiaji, mtunza bustani. Mei 2022 Uhuru alipoongeza asilimia 12, mshahara wa huyu ulifika shilingi 15,201.65. Weka posho ya nyumba, asilimia 15, inakuwa 17,481.90. Makato siku hizo: NSSF (akiba ya uzeeni) 200, NHIF (bima ya afya) 600. PAYE, kodi ya mapato, halipi kwa sababu hajafika 24,000. Alikuwa akiondoka na 16,681.90.

Novemba 2024 ikaanza kulipwa ile nyongeza ya asilimia 6 ambayo Ruto aliitangaza Mei. Mshahara ukawa 16,113.75, na ukiweka nyumba, 18,530.81. Lakini katikati hapo mengi yalikuwa yamepita. Februari 2023 NSSF iliacha kuwa 200 ikawa asilimia 6. Ukaja ushuru wa nyumba, ule wa serikali kujengea nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5. NHIF ikazikwa, SHIF ikaingia na asilimia 2.75 (hapa alipona kidogo, tusiwe waongo: 600 ilishuka hadi 510 hivi). Toa 1,111.85, toa 277.96, toa 509.60. Anaondoka na 16,631.40.

Ni shilingi hamsini pungufu ya alizokuwa akienda nazo nyumbani mwaka 2022. Na huyu ni mtu aliyeongezwa mshahara.

Sasa njoo upande wa bosi. Mwaka 2022 mtu huyo alimgharimu 17,681.90. Novemba 2024 anamgharimu 19,920.62, kwa sababu NSSF na ushuru wa nyumba bosi naye anachangia kiasi kile kile. Kwa hivyo bosi anatoa elfu mbili na mia mbili zaidi, mfanyakazi anapokea hamsini pungufu, na wote wawili wakija dirishani pangu wananiangalia kana kwamba tofauti nimeitia mfukoni.

Watu walifutwa? Hakuna hata mmoja. Tulikuwa na wapakiaji 40 wa kandarasi za miezi sita. Zilipokwisha, 28 walitia sahihi tena, 12 wakaambiwa wajaribu getini. Saba kati yao nawaona kila siku saa kumi na mbili asubuhi pale nje, wanachukuliwa kupitia wakala kwa 600 kwa siku. Nyumba hawalipwi, likizo hawana, NSSF hawana. Wanapakia kwenye mashine ile ile waliyokuwa wakipakia. Mtu wa takwimu akija kuwauliza, watajibu wana kazi, na atakuwa ameandika ukweli.

Otero_wa_Donholm

Weka picha ya hiyo karatasi ya mshahara, la sivyo ni porojo.

KaraniWaInda

Siweki karatasi ya mtu. Viwango viko kwenye gazeti rasmi la serikali, makato yako kwenye sheria. Chukua simu yako upige hesabu mwenyewe, dakika tatu tu.

Otero_wa_Donholm

Nimepiga. Ni kweli. Nimekasirika.

BintiPwani

Karani, hesabu yako ni sawa lakini maneno yako yamepinda kidogo. Zile 1,111 za NSSF hazikuibwa. Ni akiba ya mtu, na bosi anamwekea nyingine kama hizo. Babangu alistaafu bandarini na ile NSSF ya zamani, alichopata hakikumaliza hata kuezeka nyumba. Ukikata 200 kwa miaka thelathini unategemea nini uzeeni?

KaraniWaInda

Nakubali, dada. Sisemi NSSF ni wizi. Nasema mwenye nyumba wa Mukuru hapokei NSSF tarehe tano. Mtu anayeishi kwa 16,000 ukimwekea akiba kwa lazima, anaenda kukopa kwenye simu ili afike mwisho wa mwezi, na riba ya kule unaijua.

MamaSare

Mimi nina vyerehani vinne Kariobangi, nashona sare za shule. Nitasema jambo ambalo waajiri wadogo hatulisemi hadharani: sijawahi kulipa kima cha chini, hata mwezi mmoja. Nalipa kwa kipande. Shati, sketi, sweta la kuunga. Januari fundi mwepesi wa mkono anapita hiyo elfu kumi na sita yenu vizuri. Juni anapata elfu sita, na mimi mwenyewe nakula kwa deni.

Kwa hivyo rais akitangaza asilimia zake, kwangu hakubadiliki kitu siku hiyo. Kunabadilika baadaye. Viwanda vikipunguza watu, wale akina mama waliokuwa wakishona huko wanakuja kubisha mlangoni kwangu. Wiki moja nilihesabu tisa. Shati nililokuwa nikilipa 70, kuna aliyesema atashona kwa 55, na ni fundi mzuri kuliko niliye naye. Nilimwambia hapana, lakini nitasema kweli: nililala nikiwaza. Jirani yangu hakuwaza, alimchukua.

Mchumi_Baridi

MamaSare amesema kwa shati moja jambo ambalo sisi tulisomea muhula mzima.

Kuna utafiti wa Andalón na Pagés wa 2008 kuhusu kima cha chini hapa Kenya, uliotumia takwimu za nguvukazi za 1998/99. Waligundua kwamba pale kima cha chini kilipokuwa juu kulinganisha na mshahara wa kati wa eneo na kazi ile, sehemu ya watu walio katika ajira rasmi ilikuwa ndogo, na sehemu ya waliojiajiri ilikuwa kubwa. Kima hicho kikipanda kwa pointi 10 dhidi ya mshahara wa kati, ajira rasmi huenda na upungufu wa pointi kati ya 1.2 na 5.6, na kujiajiri na ongezeko la pointi kati ya 2.7 na 5.9. Ni uhusiano tu, haithibitishi kwamba hiki kilisababisha kile. Na ni takwimu za zamani, mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ana watoto. Lakini picha ni ile ile ya getini kwa Karani: watu wanabaki na kazi, ila wanahamishwa chumba.

Hapa ndipo vitabu vya Marekani vinatupoteza. Card na Krueger walilinganisha mikahawa ya chakula cha haraka New Jersey, ambako kima kilipanda kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa mwaka 1992, na ya jirani Pennsylvania ambako hakikupanda. Hawakuona kazi zikipungua New Jersey. Card alipata Nobel 2021, na tangu hapo kila mtu anawataja. Sawa, lakini New Jersey mtu akitoka mkahawani hana soko kama Gikomba la kwenda kujitafutia. Hapa zaidi ya asilimia 80 ya wenye kazi wako jua kali, yaani kazi zisizo rasmi, ambako agizo la mishahara linafika kama redio ya jirani: unasikia sauti tu.

Fundi_Jerumani

Sasa wewe Mchumi unasema nyongeza ni mbaya? Maana umezunguka kama matatu ya namba 58 ikitafuta abiria.

Mchumi_Baridi

Nasema nyongeza yenyewe hatujaiona! Mei 2018 mfagiaji wa Nairobi alikuwa 13,572.90. Akakaa hapo miaka minne bila kuguswa. Ukilinganisha 2018 na 16,113.75 ya 2024, imepanda kama asilimia 19. Bei za vitu katika muda huo, kwa hesabu ya KNBS yenyewe, shirika la takwimu la serikali, zimepanda zaidi ya mara mbili ya hapo. Kima cha chini cha Nairobi kimeshuka kwa unga na kwa nauli. Anayedai kwamba kupanda kwa mshahara ndiko kunakoua kazi, kwanza anionyeshe mshahara uliopanda.

KaraniWaInda

Hapo umenigusa, maana inakuwa kama unanipinga na unaniunga mkono pamoja. Niseme nilivyosikia ofisini. Bosi alipoamua zile kandarasi 12, hakutaja asilimia 6. Alisema, “Mtu wa kandarasi ana mikia mingi.” Mkia wa NSSF, wa ushuru wa nyumba, wa likizo, wa kiinua mgongo, wa kesi akimfuta vibaya. Nyongeza ya Leba Dei ilikuwa siku ya kuketi na kuhesabu mikia. Ingekuwa mshahara peke yake, shilingi 912, sidhani angeinua kalamu.

Soja_wa_Usiku

Hamjambo wote. Naandika nikiwa zamuni, msinichome.

Mimi ni soja Kilimani, jumba la ghorofa tisa. Wengi hawajui sisi tuna mabosi wawili. Kampuni inanilipa mimi, na wenye jumba wanailipa kampuni. Agizo likitoka, kampuni inaandika barua kwa wenye jumba kuomba nyongeza. Wenye jumba wanakutana Jumapili kwenye maegesho (mimi nikiwafungulia geti waende kunijadili) na wanaamua. Tulikuwa wawili usiku. Sasa niko mimi, kamera sita, na waya wa stima ukutani. Mwenzangu alipelekwa lindo lingine mbali, akashindwa na nauli, akaacha mwenyewe. Kwenye vitabu “aliacha kazi”. Hakufutwa, kama anavyosema Karani.

Na mimi sijaongezwa chochote kwa kufanya kazi ya wawili. Kwa agizo la 2024, soja wa usiku Nairobi kisheria anakaribia elfu 18 kabla ya posho ya nyumba. Kampuni ninayoilindia siitaji jina, lakini sijawahi kuiona hiyo elfu 18 na nyumba juu yake.

Januari 2024 mamlaka ya walinzi wa kibinafsi, PSRA, ilisema soja wa Nairobi asilipwe chini ya 30,000. Nilimpigia mke wangu simu Bungoma usiku ule ule. Kabla salio halijaisha alikuwa ameshapanga simenti. Halafu mambo yakaenda mahakamani, agizo likasimamishwa. Kumweleza kulikuwa kugumu kuliko kazi yenyewe.

Mlolongo_Kwetu

Mnasahau jambo la mipaka. Agizo limegawa nchi mara tatu: miji mikubwa kama Nairobi, Mombasa na Kisumu, halafu zilizokuwa manispaa pamoja na Mavoko, Ruiru na Limuru, halafu kwingine kote. Mwaka 2022 Nairobi ilikuwa 15,201.65, sisi wa Mavoko, yaani Mlolongo na Athi River, 14,025.40, na kwingine kote 8,109.90. Nyanya Nairobi na Mlolongo ni bei moja, lakini mimi kisheria nina tumbo dogo.

Mchumi, hiyo New Jersey yako iko hapa Mombasa Road. Nimefanya kazi ya kushona jinzi EPZ ya Athi River, eneo la viwanda vya kuuza nje, miaka mitano. Viwanda havikuja huku kukimbia hiyo tofauti ya elfu moja na mia mbili. Vilikuja kwa ajili ya ardhi, msamaha wa kodi, na kwa sababu lori likitoka hapa halilali kwenye msongamano. Kinachotutisha sisi ni kitu kingine: mnunuzi yuko Marekani na bei ya suruali ameshaiandika. Kinyozi wa Umoja akipandishiwa gharama ataongeza shilingi ishirini kwa kichwa. Meneja wetu hawezi kumwandikia mtu wa Amerika kwamba unga umepanda Athi River. Kwa hivyo analetea sisi: laini iliyokuwa ikitoa suruali 90 kwa saa sasa itoe 105. Msipofikisha mnabaki hadi mfikishe, na muda huo wa ziada hauandikwi. Mshahara umepanda na saa imenyooshwa.

MamaPacha_Umoja

Nimesoma kimya, lakini moyo unanidunda kwa sababu mimi ndiye bosi mbaya wa uzi huu.

Nalipwa 42,000. Pacha wangu wana miaka miwili. Nilikuwa na dada wa kazi, nampa 10,000, anakula na kulala kwangu. Sheria inamweka mstari mmoja na mfagiaji wa Karani, elfu kumi na sita na mia moja kwa agizo la 2024. Ningeilipa, na kodi ya nyumba, na nauli, ningekuwa nafanya kazi kumlipa yeye ili niende kazini. Tuambieni ukweli, nani hapa analipa hiyo?

Alikuwa_Dada

Shikamoo mama pacha. Naomba nikujibu bila kukuvunjia heshima.

Nimefanya kazi za nyumba miaka tisa, Buruburu, South B, na nyumba moja Lavington ambayo hata sitaki kuikumbuka. Ile ya 10,000 ukisema “anakula na kulala kwangu”, kulala huko ni kuamka saa nane usiku mtoto akilia. Mlinzi akilala lindoni anafutwa, dada akilala anaitwa amelazwa bure. Hesabu saa zangu uzigawe kwa elfu kumi.

Lakini pia najua hukuwa nazo. Niliyemfanyia kazi South B alikuwa akikopa kwangu katikati ya mwezi. Nacheka sasa.

MamaPacha_Umoja

Marahaba, mwanangu. Umesema, na nimesikia.

Nimalizie kisa. Nilipogundua siwezi, niliongea naye tukaachana vizuri. Pacha nawapeleka kwa mama mmoja wa ploti ya tatu anayelea watoto wa majirani, 200 kwa mtoto kwa siku, na nguo nafuliwa Jumamosi. Anayenifulia ni nani? Yule yule dada. Anafua nyumba nne, siku sita, 500 hadi 700 kwa nyumba kulingana na mablanketi. Amepanga chumba Kayole. Juzi akaniambia anaingiza kuliko nilivyokuwa nikimpa. Nilifurahi, na niliumia kidogo, sijui kwa nini.

Mchumi_Baridi

Mama, hicho kisa kisipite hivi hivi. Afrika Kusini walipoweka kima cha chini kwa wafanyakazi wa nyumbani mwaka 2002, Dinkelman na Ranchhod walichunguza wakakuta mishahara ilipanda vizuri, na hawakuona dalili ya kazi kupungua, ingawa ukaguzi wa serikali majumbani ulikuwa karibu na sufuri. Walipoweka kwa vibarua wa mashambani mwaka 2003, Bhorat na wenzake walikuta mshahara ulipanda lakini kazi zikapungua sana. Nchi moja, ndani ya miezi michache, majibu mawili. Mkulima anaweza kununua mashine au kuacha zao. Mwenye pacha hana mashine ya pacha.

Fundi_Jerumani

Na Uganda? Kima chao ni shilingi 6,000 za Uganda tangu 1984, haitoshi hata kuku. Kama mshahara wa chini ndio unaofukuza kazi, Kampala ingekuwa haina mtu anayetafuta kazi. Nimeishi Katwe miaka miwili, nawaambia wapo.

Otero_wa_Donholm

Maafisa wa kazi wako wapi lakini? Sheria inasema anayelipa chini ya agizo atozwe faini au afungwe. Mimi sijawahi kusikia jirani wa mtu amefungwa.

KaraniWaInda

Walikuja kwetu mara moja katika miaka kumi na moja. Waliomba orodha ya mishahara, nikawapa. Ilikuwa safi kabisa, kila senti mahali pake. Vibarua wa wakala hawamo kwenye orodha yangu, wamo kwenye ya wakala, na wakala ofisi yake ni simu. Walikunywa chai wakaondoka. Ndiyo maana naona hata tukisema agizo liwe 25,000 kesho, litawapata wale 28 tu waliobaki ndani, na hao ndio watakaohesabiwa mikia tena.

Getini_Saa_Kumi_na_Mbili

Karani, nimejiunga leo tu ili niulize. Mimi ni wa hapo hapo Lunga Lunga, siwezi kusema kiwanda gani. Nimechukuliwa getini mfululizo wiki tatu na siku nne, bila kukosa. Jana msimamizi ameniambia nipumzike siku tatu halafu nirudi. Sikuwa mgonjwa, sikukosea, kazi ipo. Kuna tatizo gani na mimi?

KaraniWaInda

Huna tatizo, ndugu yangu. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zikafika mwezi mmoja, mkataba wake unageuka wa mwezi. Hapo mikia inaanza kuota. Siku tatu zinakata huo mwezi, ukirudi unaanza kuhesabiwa upya kutoka moja.

Andika tarehe zako zote kwenye daftari, na jina la aliyekuchukua kila siku. Hata zikiwa na mapengo, ukifika mbele ya afisa wa kazi au mahakamani siku moja, daftari litauliza mbona pengo linakuja kila mwezi wiki ile ile.

Getini_Saa_Kumi_na_Mbili

Asante. Kumbe kuna mtu anakaa ofisini anatuhesabia siku?

KaraniWaInda

Yupo. Kwetu orodha ya kupumzisha watu inatoka kila Alhamisi saa tisa. Naiandika mimi.